Bango la kongamano: watu waliodumu kwenye tiba ya methadoni ni 60% au 69%?

Dirisha_la_Pili:

Habari za humu wakuu.

Ikisiri yetu imekubaliwa kwenye kongamano la kisayansi la tiba ya uraibu, tumepangiwa bango. Mada ni kudumu kwenye tiba: watu walioanza methadoni (dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini) kwenye kliniki ya mjini, wakafuatiliwa miezi 12. Data zimetoka kwenye rekodi za kila siku za dirishani, mahali wanapopewa dozi: namba ya mteja, tarehe, miligramu alizokunywa, au "hakuja".

Namba halisi siziweki hapa. Tuhesabu kwa mfano huu wa kubuni: walioanza 200. Mwezi wa 12 ulipotimia, 120 wanaendelea, 12 wamehamishiwa kliniki nyingine, 5 wamefariki, 8 wako gerezani, 55 wameacha.

Mvutano uko hapa. Mmoja wetu anaandika 60%, mwingine 69%, na kila mmoja ana kikokotoo mkononi. Pili, waliofikia dozi kubwa wanaonekana kudumu zaidi. Je, naweza kuandika kwamba dozi kubwa inazuia watu kuacha? Tatu, wanawake ni wachache mno, sijui niwaoneshe peke yao au la. Nne, kiongozi wa kituo ameridhia kwa mdomo tupeleke matokeo. Inatosha?

Na bango lenyewe, vipimo na maandishi vikoje. Naomba kuwasilisha.

---

Mtakwimu_wa_Zamu:

Mkuu, wote wawili wamegawanya sawasawa, ila hakuna aliyesema amegawanya kwa idadi gani.

120 kwa 200 ni 60%. Hapo aliyeondoka na barua ya uhamisho amehesabiwa sawa na aliyeacha tiba akarudi kwenye heroini.

120 kwa 188, yaani umewatoa waliohamishwa, ni 63.8%.

120 kwa 175, umewatoa waliohamishwa, waliofariki na walio gerezani, ni 68.6%. Ndiyo hiyo 69 ya mwenzako.

Kuna ya nne hamjaitaja. "Wanaendelea" maana yake nini: wamekunywa dozi mwishoni mwa mwezi wa 12, au hawajawahi kukatika? Tuseme 15 kati ya hao 120 waliwahi kupotea zaidi ya siku 30 kisha wakarudi. Waliodumu bila kukatika ni 105, sawa na 52.5%. Kliniki ileile, watu walewale, na jibu limetembea kutoka 52.5 hadi 68.6. Anayesimama mbele ya bango lako atalinganisha na namba ya kliniki yake, na kama hujaandika kanuni yako atakuwa analinganisha embe na nazi.

Kwa hiyo kwenye mbinu andika mambo matatu, kwa sentensi kamili. Kuacha tiba ni siku 30 mfululizo bila dozi (kliniki nyingine hutumia idadi tofauti, ndiyo maana lazima uitaje). Tarehe ya kuacha ni siku ya dozi ya mwisho, siyo siku ya 30 ya kutokuja. Aliyerudi baada ya hapo anahesabiwaje. Halafu funga data angalau siku 30 baada ya mtu wa mwisho kutimiza miezi 12. Ukiifunga siku ya 365 kamili, aliyeanza kukosa siku ya 350 huwezi kujua kama ameacha au ameenda msibani.

Waliohamishwa unawafuata hadi siku ya uhamisho, kisha wanatoka kwenye ufuatiliaji bila kuhesabiwa kama wameacha. Waliofariki ni jambo jingine. Mchoro wa kawaida wa Kaplan–Meier (mstari unaoonesha asilimia ya waliobaki kadiri siku zinavyopita) ukimtoa marehemu kama ulivyomtoa aliyehamishwa, unachukulia kwamba bado angeweza kuacha tiba baadaye, na asilimia ya walioacha inavimba kidogo. Tumia hesabu ya matukio yanayoshindana, yaani tukio moja, kama kifo, linazuia jingine kutokea: kwenye programu ya takwimu ya Stata kuna amri ya stcrreg, kwenye ile ya R kuna kifurushi cha cmprsk. Kwa vifo 5 tofauti itakuwa ndogo, lakini swali litaulizwa.

Walio gerezani mimi siwatoi. Kukamatwa ni njia mojawapo ya tiba kukatika, na ni njia ambayo polisi na mahakama wanaweza kuibadilisha wakitaka. Ukiwatoa kwenye kigawanyo umewafichia wahusika. Waoneshe kama kundi lao, 8 kati ya 200.

---

Mfamasia_wa_Kikombe:

Naingia kwenye dozi, maana hapo ndipo mabango mengi ya methadoni huanguka.

Mtu anaanza na dozi ndogo. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) unataka siku ya kwanza isizidi miligramu 30, na wengi huanzia 20. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi ya leo inaikuta ya jana haijaisha, na haraka ya kupandisha ndiyo inayoua wiki mbili za mwanzo. Kufika kwenye dozi ya kudumu, ambayo kwa wengi huwa kati ya 60 na 120, huchukua wiki kadhaa.

Sasa angalia. Aliyeacha siku ya 10 hakupata nafasi ya kufika miligramu 80 hata kama alizihitaji. Ukigawa watu kwa "dozi ya juu kabisa aliyofikia", kundi la dozi ndogo linajaa walioondoka mapema, na la dozi kubwa lina waliokaa tu. Umethibitisha kwamba aliyekaa muda mrefu alikaa muda mrefu.

Njia rahisi ya kutoka: anza kuhesabu siku ya 90. Chukua wote waliokuwepo siku hiyo, wagawe kwa dozi waliyokuwa wakinywa siku hiyohiyo, kisha fuata nani anaacha kati ya siku ya 91 na 365. Walioacha kabla ya siku ya 90 waripoti peke yao, usiwafute. Njia nzuri zaidi ni kuiacha dozi ibadilike ndani ya modeli ya Cox (hesabu ya nini kinahusiana na kuacha mapema au kuchelewa), kila mtu akiwa na mistari kadhaa:

mteja A, siku 0–7, mg 25, hajaacha
mteja A, siku 8–21, mg 40, hajaacha
mteja A, siku 22–96, mg 75, hajaacha
mteja A, siku 97–140, mg 30, ameacha

Huo mstari wa mwisho utazame vizuri. Alikosa siku kadhaa, na kwa kawaida baada ya siku 3 mfululizo dozi hupitiwa upya kabla ya kumpa, kwa sababu mwili umeanza kuisahau. Akirudishwa chini, anaacha akiwa kwenye dozi ndogo, lakini mwendo wa kuacha ulikuwa umeshaanza alipokosa zile siku. Kwa hiyo hata modeli nzuri haikupi ruhusa ya kuandika "inazuia". Andika "ilihusiana na". Hata hivyo uhusiano wenyewe si mgeni: tafiti za nchi nyingi zimeona dozi ya 60 na zaidi ikienda pamoja na kudumu kwenye tiba.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye orodha yako: dawa nyingine. Rifampicin ya TB inaharakisha ini kuivunja methadoni. Mtu wa miligramu 80 aliyetulia anaanza dawa za TB, na ndani ya wiki moja au mbili arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa mwilini, inamkamata kabla ya dozi ya kesho. Kwake, dawa ya dirishani imeacha kufanya kazi, na kete ya heroini anajua inakopatikana. Efavirenz na nevirapine, dawa za VVU, nazo zinashusha methadoni. Dolutegravir, nayo ya VVU, haina tatizo hilo. Tanzania ilianza kuwahamishia watu kwenye dolutegravir mwaka 2019, kwa hiyo kama kundi lako linavuka mwaka huo, weka safu ya dawa za VVU, safu ya TB, na mwaka wa kuanza tiba. La sivyo utaisifu kliniki kwa kazi iliyofanywa na mabadiliko ya kidonge.

Tena, TB ikiisha na rifampicin ikasimama, methadoni inapanda tena kwenye damu. Anayeonekana "amezidishiwa" wiki chache baada ya kumaliza dawa za TB pengine hajazidishiwa na mtu.

---

Bi_Maadili:

Ridhaa ya mdomo haitoshi, na msimamo huo hauna ukali wowote. Rekodi za dirishani zilikusanywa ili watu watibiwe. Kuzigeuza utafiti kunahitaji kibali cha maadili cha maandishi: Tanzania Bara unaanzia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) au kamati ya chuo chako, Zanzibar ni ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya), Kenya ni kamati iliyoidhinishwa halafu leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Kamati hazitoi kibali cha kurudi nyuma kwa kazi iliyokwishafanyika, kwa hiyo kwanza uliza kama mradi mnaofanyia kazi una itifaki (mpango wa utafiti ulioandikwa) iliyokwishapata kibali inayotaja uchambuzi wa data za huduma. Mara nyingi ipo kwenye faili la mtu. Kama haipo, waandikie waandaaji muahirishe. Mkiwa na cha NIMR, someni masharti yaliyoambatana nacho: ruhusa ya kuchapisha inaombwa kabla, na bango ni uchapishaji.

Sheria za taarifa binafsi nazo zipo, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti.

Kuhusu wanawake. Kliniki nyingi za methadoni za pwani yetu wanawake ni wachache sana, na wanajulikana kwa sura kuanzia mlinzi hadi muuza uji wa getini. Ukiweka jedwali la jinsia, umri na VVU pamoja, kisanduku chenye "1" ni sawa na jina. Kanuni ya kazi: kisanduku chochote chini ya 5 andika "<5". Lakini usiishie hapo. Kama jumla ya wanawake ni 9 na umeandika 7 wanaendelea na "<5" wameacha, mtoto wa darasa la tatu anatoa. Ficha kisanduku cha pili pia, au unganisha makundi. Usiwafute wanawake moja kwa moja kwa kisingizio cha siri. Toa idadi yao na sentensi moja kwamba ni wachache mno kulinganishwa, maana uchache huo wenyewe ni tokeo.

Wengi huandika "kliniki moja ya mjini" wakadhani wamefunika, kumbe chini ya kichwa cha bango kuna majina ya waandishi na hospitali yao. Kinga lazima iwe ndani ya namba.

Mitego mitatu midogo inayovujisha zaidi ya jedwali lolote:

Grafu ya Excel ukiibandika kwenye PowerPoint kwa njia ya kawaida, inaweza kubeba kitabu kizima cha Excel ndani yake. Anayepata faili lako anabofya kulia, anachagua kuhariri data, na orodha ya wateja inafunguka. Bandika kama picha.

Msimbo wa QR ukielekeza kwenye folda ya mtandaoni ambako data ghafi imo, umegawa kliniki nzima. Uelekeze kwenye PDF moja tu.

Picha ya foleni ya dirishani, hata ikipigwa kwa nyuma, usiweke. Kovu la mkono, tatuu, kandambili za rangi fulani: watu wa mtaani wanatambuana kwa hayo.

---

Dirisha_la_Pili:

Nashukuru sana. Bi Maadili, itifaki ya mradi ipo na inataja data za huduma. Naomba ruhusa ya kuchapisha wiki hii.

Mtakwimu, nimeanza kupanga siku 30 na nimekwama. Kuna siku tatu zinazofuatana ambazo zaidi ya nusu ya watu wanaonekana hawakuja, halafu siku ya nne wamejaa. Na baadhi ya watu wanaonekana wameanza tiba baada ya kuacha!

---

Mtakwimu_wa_Zamu:

Hizo siku tatu ni tundu la rekodi. Umeme au kompyuta ilikata, dozi zikaandikwa kwenye daftari, na daftari halikuingizwa. Chora idadi ya waliokunywa kwa kila siku ya mwaka, mstari mmoja tu. Matundu yataonekana kama meno yaliyong'oka. Kila siku iliyoshuka chini ya nusu ya kawaida, tafuta daftari lake. Lisipopatikana, siku hizo ziandike "haijulikani", usiziandike "hakuja", na usiziingize kwenye hesabu ya siku 30.

Kuanza baada ya kuacha: mara nyingi ni tarehe. Excel yenye mpangilio wa Kimarekani inasoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili, na siku zinazozidi 12 inaziacha kama maandishi. Ukiona baadhi ya tarehe zimelalia kushoto mwa kisanduku na nyingine kulia, ndiyo hiyo. Badilisha zote ziwe mwaka-mwezi-siku kutoka kwenye chanzo, usirekebishe moja moja kwa macho. Sababu ya pili ni mtu aliyerudi akapewa namba mpya: amehesabiwa kama aliyeacha, na tena kama mgeni. Linganisha mwaka wa kuzaliwa, jinsia na tarehe ya kurudi, kisha thibitisha kwa faili la karatasi palepale kliniki, na hiyo orodha isitoke nje ya jengo.

Na kama ufuatiliaji unavuka Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, weka alama kwenye mchoro na uchambue kabla na baada. Mteja kukosa kwa sababu mwelimishaji rika au gari la ufuatiliaji halikuwepo si sawa na mteja kuchoka.

---

Mchora_Bango_254:

Salamu kutoka Mombasa. Niseme ya bango tu.

A0 ya kusimama ni milimita 841 kwa 1189, lakini soma barua ya waandaaji, kuna wanaotaka la kulala. Usipangilie kwenye ukurasa wa kawaida kisha mchapaji akuze, picha zitakuwa ukungu. Weka ukubwa halisi tangu mwanzo, au nusu yake kamili (594 kwa 841) uchapishe kwa 200%. Kichwa pointi 85 au zaidi, vichwa vidogo 48, maandishi 32, yasishuke 24 hata kwenye jedwali. Maneno 500 yanatosha, 800 hakuna atakayesoma.

Mchoro mmoja mkubwa katikati: mstari wa kudumu kwenye tiba kuanzia 100 hadi sifuri. Usikate mhimili uanzie 50, mteremko utatisha bure. Chini ya mchoro weka idadi ya waliobaki kwenye ufuatiliaji mwezi wa 0, 3, 6, 9 na 12. Nyekundu na kijani zisikae pamoja, kuna wasiozitofautisha. Tumia bluu na chungwa.

Chapisha kwenye kitambaa kama unasafiri kwa ndege. Kinakunjwa ndani ya begi, na mikunjo inatoka ukikining'iniza usiku. Karatasi inataka bomba, na bomba husahaulika kwenye kabati la juu la ndege. PDF ibaki kwenye simu.

Lugha pia. "Teja" na "mraibu sugu" visikaribie bango. Andika "watu wanaojidunga heroini", "watu walio kwenye tiba". Mkojo hauwi mchafu wala msafi, ni chanya au hasi, na useme kwa dawa ipi. Kipimo cha kawaida cha morphine hakioni methadoni, wala tramadoli. Kwa hiyo "hasi" haimaanishi ameacha kila kitu.

---

Dirisha_la_Pili:

Mchora, kitambaa kimepita. La mwisho kwa Mfamasia: lazima atatokea wa kuuliza kama hii si kubadilisha uraibu kwa uraibu. Unamjibu nini kwa dakika moja, amesimama na kikombe cha chai?

---

Mfamasia_wa_Kikombe:

Mjibu kwa saa. Heroini inaisha nguvu ndani ya saa chache, hivyo mtu anasaka kete mara kadhaa kwa siku, na kila mara kuna sindano, pesa na polisi. Methadoni kwa dozi iliyopangwa vizuri inashika siku nzima. Anakunywa kikombe kimoja asubuhi mbele ya muuguzi na kwenda kazini. WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Na hatari ya kufa ni ndogo mtu akiwa ndani ya tiba kuliko akiwa nje, isipokuwa wiki za mwanzo, kisha inapanda vibaya wiki chache baada ya kuacha, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu na yeye anarudia kiasi kilekile cha zamani.

Hapo ndipo nakurudisha kwenye namba zako. Wale 5 waliofariki, walikuwa bado wanakunywa dozi, au walishaacha?

---

Dirisha_la_Pili:

Hilo sikuliangalia. Kwenye mfano wetu tuseme 3 walifariki zaidi ya siku 30 baada ya dozi ya mwisho.

---

Mtakwimu_wa_Zamu:

Basi hao 3 waliacha kwanza, kifo kikaja baadaye. Walioacha ni 58, waliofariki wakiwa kwenye tiba ni 2. Ile 68.6 inakuwa 120 kwa 178, yaani 67.4%, ilhali 60% haikusogea. Weka 60% kwenye bango na mgawanyo wote chini yake: 120, 12, 10, 58, hiyo 10 ikiwa waliofariki wakiwa kwenye tiba pamoja na walio gerezani. Hao 3 wape mstari wao, walifariki baada ya kuacha, ila uandike "<5", usije ukagombana na Bi Maadili. Na kwa kuwa jumla ni 200, ile 2 ikifichwa peke yake inatolewa kwa hesabu: ndiyo maana nimeiunganisha na 8 ya gerezani, ingawa mwanzo nilitaka walio gerezani waoneshwe peke yao.

---

Bi_Maadili:

Waunganishe, sawa, lakini kwa mdomo usimwambie mtu ni wangapi wa upande gani. Bango halivuji peke yake.